Aggrey: mwalimu aliyerudi kuwa mwanafunzi akikaribia miaka 40

Mwaka jana nilikuwa Dar es Salaam kwa arusi ya binamu yangu, na simu yangu ikaanguka ikavunjika kioo. Kijana mmoja wa pale nyumbani akanichukua hadi Kariakoo, akaniingiza katika mtaa uliojaa maduka ya simu na vipuri vyake. Nikauliza hapa ni wapi, nikaambiwa ni Mtaa wa Aggrey. Nikamuuliza yule kijana kama anajua Aggrey ni nani. Akafikiri kidogo, akanijibu hajui, labda alikuwa tajiri wa zamani.

Sikumlaumu. Hata huku kwetu Kenya wapo kina Aggrey wengi waliopewa jina hilo na wazee wao, na ukiwauliza limetoka wapi, wachache watakujibu. Ila kisa kimoja cha mtu huyo karibu sote tumekisikia, msikitini, kanisani au kwenye mahafali ya shule: kisa cha tai aliyelelewa na kuku hadi akajiona kuku, mpaka alipopelekwa mlimani akaelekezwa jua, akakumbuka kuwa ana mbawa. Aliyekieneza kisa hicho Afrika nzima alikuwa mwalimu, na aliitwa James Emman Kwegyir Aggrey.

Nina sababu yangu ya kumwandika leo. Nimeshika chaki miaka 19 katika shule za msingi za pwani. Katika mtoto wa meza yangu kuna fomu ya kujiunga na masomo ya uzamili katika elimu, yale ya likizo, ambayo mwalimu husoma Aprili, Agosti na Desemba kisha akarudi darasani shule zikifunguliwa. Fomu hiyo ina miaka miwili sasa. Kila nikitaka kuijaza hutokea mtu akaniuliza yatanifaa nini. Mwenzangu mmoja ninayemheshimu kama kaka aliniambia mbele ya walimu wote kwamba mtu wa miaka 44 husomesha watoto wake, hajisomeshi mwenyewe. Sikuwa na jibu. Nikaenda kulitafuta kwa Aggrey, kwa sababu yeye alishasimama hapa niliposimama mimi.

Alizaliwa Oktoba 1875 katika mji wa Anomabu, pwani ya Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Ni mji wa wavuvi na wachuuzi, wenye ngome ya Wazungu ufuoni. Mtu wa Mombasa angeuelewa bila kuelezwa sana. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa mtawala wa mji, yaani mtu ambaye kazi yake ni kupima maneno kabla hayajatoka. Mwana alirithi ulimi huo. Alisoma shule ya Wamethodisti huko Cape Coast, akaanza kufundisha angali kijana mdogo, na kufikia 1898 alikuwa mwalimu mkuu akiwa na miaka 22.

Mtu wa namna hiyo angeweza kutulia. Cheo anacho, heshima anayo, na mjini kwao wanamsalimia kwa adabu. Lakini Julai 1898 alipanda meli kwenda Marekani. Kanisa moja la Wamarekani weusi, African Methodist Episcopal Zion, lilikuwa linatafuta vijana wa Kiafrika wa kusomeshwa, naye akachaguliwa. Akafikia Salisbury, mji mdogo wa jimbo la North Carolina, katika Chuo cha Livingstone kilichokuwa cha kanisa hilo. Mwaka 1902 alihitimu kwa sifa, na chuo kikamzuia hapo hapo awe mwalimu.

Tukumbuke ilikuwa Marekani gani hiyo. Katika majimbo ya kusini mtu mweusi alipanda behewa lake, mtoto wake alisoma shule yake, na mgonjwa wake alilazwa mbali na wazungu. Chuo cha Livingstone kilikuwa maskini na mishahara yake midogo. Aggrey alifundisha hapo karibu miaka 20, hasa lugha za kale, Kigiriki na Kilatini. Mwaka 1903 alipata uchungaji. Mwaka 1905 alimuoa Rose Douglass, mwanamke wa Virginia, naye pia mwalimu, na watoto wakaanza kuja. Yaani alikuwa mwalimu wa kawaida kabisa: vipindi vingi, fedha kidogo, nyumba inayokua, na Jumapili ana kazi nyingine.

Mwaka 1914 alikabidhiwa pia makanisa mawili madogo ya mashambani nje ya Salisbury. Waumini wake walikuwa wakulima weusi, wengi wao wakiandamwa na madeni. Nadhani hapa ndipo jambo lilipomgusa. Yeye ni bingwa wa Kigiriki, lakini mbele yake kuna mtu asiyejua amwekee mwanawe akiba vipi, na mtoto anayekuja shuleni baada ya mavuno na kuondoka kabla ya kupanda. Kilatini hakikuwa na jibu la hilo. Aliwahubiria, lakini pia aliwafundisha habari za kilimo na za kushirikiana katika akiba na mikopo. Kisha akaona kwamba yeye mwenyewe ana pengo la elimu.

Basi kuanzia 1915, akikaribia miaka 40, Aggrey akawa anasafiri New York wakati wa likizo ya kiangazi kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia. Ni safari ya karibu kilomita 900. Hakuwa peke yake. Walimu weusi wengi wa kusini walikuwa wakifanya hivyo, kwa sababu vyuo vikuu vya majimbo yao vilikuwa vimewafungia milango, na Columbia, pamoja na chuo chake cha ualimu, iliwapokea. Shule zikifungwa, mwalimu anafunga sanduku lake, anapanda treni kwenda kaskazini, anasoma wiki kadhaa, kisha anarudi kwa wanafunzi wake. Wenzetu wanaopanda basi la usiku kutoka Lamu au Lunga Lunga kila Agosti wasidhani wao ndio wa kwanza.

Columbia ya wakati huo ilikuwa mahali ambapo elimu ilianza kutazamwa kama taaluma yenye utafiti wake. John Dewey alikuwa akifundisha hapo, yule mwanafalsafa aliyeshikilia kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda na kwamba shule ni sehemu ya maisha yenyewe, si chumba cha kungojea maisha. Edward Thorndike naye alikuwa akichunguza jinsi akili inavyojifunza na kupima maendeleo ya mwanafunzi. Aggrey alisoma sosholojia, saikolojia na mambo ya elimu. Mtu aliyekuwa na shahada tayari, aliyesahihisha maelfu ya karatasi za wengine, alikaa tena upande ule wa dawati, karatasi yake ikasahihishwa.

Jambo hili si dogo. Mimi nimeketi katika semina nikifundishwa na kijana ninayeweza kumzaa, na najua moyo unavyogoma. Mwalimu mzoefu ana ugonjwa wake: amezoea kuwa ndiye anayejua. Ukikaa miaka 20 mbele ya watoto, hakuna anayekubishia. Kurudi kuwa mwanafunzi kunakukumbusha jinsi inavyokuwa mtu anaposema jambo na wewe hulielewi, na unaona haya kuinua mkono. Nadhani somo hilo peke yake lingetosha kumbadilisha mwalimu, hata kama asingepewa cheti.

Lakini yako mengine yaliyobadilika. Kabla ya hapo Aggrey alikuwa mwalimu wa masomo. Baada ya Columbia alianza kuzungumza kama mwalimu wa watu. Alitaka kujua shule inamsaidia nani, kijiji kinabaki na nini mtoto akishamaliza, na kwa nini msichana anaachwa nyumbani. Mwaka 1920 Mfuko wa Phelps-Stokes wa New York ulipounda tume ya kuchunguza elimu Afrika, chini ya Thomas Jesse Jones, Aggrey alitiwa ndani, Mwafrika pekee katika tume hiyo. Walizunguka Afrika Magharibi, Kongo, Angola na Afrika Kusini.

Safari hiyo ndiyo iliyomtangaza. Lagos, kijana mmoja wa shule aitwaye Nnamdi Azikiwe alimsikia akihutubia, na tangu siku hiyo akaweka nia ya kwenda kusoma Marekani. Baadaye akawa rais wa kwanza wa Nigeria. Afrika Kusini watu walifurika kumsikiliza, huku yeye mwenyewe akibaguliwa njiani. Huko na kwingineko alirudia mfano wake wa kinanda: kwamba ukipiga vibao vyeupe peke yake utapata wimbo fulani, na vyeusi peke yake hivyo hivyo, lakini muziki uliokamilika unataka vyote viwili. Tume ilipomaliza, hakukaa akala jina. Alirudi Columbia kuendelea na masomo, akapata shahada ya uzamili, akaanza safari ya uzamifu.

Mwaka 1924 tume ya pili ikaja upande wetu: Kenya, Uganda, Zanzibar, Tanganyika, na kuendelea kusini. Aggrey alikuwamo. Hebu fikiria Kenya ya 1924, ambapo mwanamume wa Kiafrika alibeba kipande shingoni kila aendako. Akatokea mtu mweusi, mwanachuo wa Columbia, ameketi meza moja na Wazungu waliokuja kukagua shule. Waliomwona hawakuhitaji kuambiwa maana yake.

Tume hiyo iliacha alama Kenya. Mwaka 1925 ilifunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, na mkuu wake wa kwanza, James Dougall, alikuwa katibu wa tume. Jina Jeanes ni la mama mmoja wa Philadelphia aliyeacha mali yake isaidie shule za vijijini za watu weusi wa kusini mwa Marekani. Mpango wenyewe ulikuwa kuwachukua walimu walio kazini tayari, kuwaongezea mafunzo, kisha kuwarudisha wazunguke shule za vijijini kuwasaidia wenzao. Leo mahali hapo pana Chuo cha Serikali cha Kenya. Mwalimu anayesoma zaidi ili arudi kumwinua mwenzake, si ili amkimbie: wazo hilo lina miaka mia moja nchini mwetu.

Nisifiche upande wa pili. Aggrey alilaumiwa sana, na baadhi ya lawama zina uzito. W. E. B. Du Bois, msomi mkubwa wa Wamarekani weusi, aliishambulia tume ya Phelps-Stokes. Aliona inawapendekezea Waafrika elimu ya jembe na useremala ili wabaki chini ya wakoloni, na kwamba elimu ya juu inafichwa wasiifikie. Wengine walimwona Aggrey mpole kupita kiasi, mtu wa kuwaliwaza Wazungu. Na sisi watu wa pwani tuna letu: Aggrey alikuwa mchungaji, na shule nyingi alizozikagua zilikuwa za misheni. Wazee wetu waliogopa kumpeleka mtoto shuleni arudi na dini nyingine, na hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Imetugharimu, lakini haikuwa ya kijinga.

Hata hivyo, tumpime kwa matendo yake. Kama kweli aliamini Mwafrika amezaliwa kwa jembe tu, kwa nini yeye mwenyewe alikuwa anatafuta uzamifu akikaribia miaka 50? Na kwa nini alikwenda Achimota?

Achimota iko karibu na Accra. Gavana Guggisberg alitaka kujenga hapo chuo kikubwa kitakachomchukua mtoto kutoka chekechea hadi masomo ya juu. Mwaka 1924 Aggrey alirudi kwao, baada ya robo karne, kushika nafasi ya msaidizi wa makamu wa mkuu wa chuo, chini ya A. G. Fraser. Tazama cheo hicho kilivyo kirefu na kilivyo chini. Hakuna Mwafrika aliyekuwa juu yake pale, lakini juu yake walikuwapo Wazungu. Wapo wananchi waliomshuku kuwa ni kibaraka, na wapo Wazungu waliomwona amepewa kupita kiasi. Alivumilia, akazunguka nchi nzima kuwaeleza wazazi chuo hicho ni cha nini.

Vita alivyopigana pale vinavyokumbukwa zaidi ni vya wasichana. Mpango wa kwanza ulikuwa wa wavulana. Aggrey alishikilia kwamba ukimsomesha mwanamume umemsomesha mtu mmoja, na ukimsomesha mwanamke umeisomesha jamaa nzima, na Achimota ikafunguliwa kwa wote wawili. Miaka michache baadaye, hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha magazeti yake, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawahimiza Waislamu wa pwani wasiache elimu, ya wasichana ikiwemo. Watu wawili wa dini mbili na pande mbili za bara, wameshika hoja moja. Mimi nikiwafundisha wasichana wetu huwa nawakumbuka wote wawili.

Chuo kilifunguliwa rasmi Januari 1927. Nembo yake ina vibao vya kinanda, vyeusi na vyeupe. Miongoni mwa vijana waliokuwa wakisomea ualimu hapo alikuwamo Kwame Nkrumah, aliyemtazama Aggrey kama nyota. Nkrumah naye baadaye alifuata njia ile ile ya bahari kwenda Marekani, na kabla hajawa mwanasiasa alichukua shahada ya uzamili katika elimu huko Pennsylvania mwaka 1942.

Aggrey alikuwa na deni moja na nafsi yake: tasnifu yake ya uzamifu haijakamilika. Katikati ya 1927 alipewa likizo, akarudi New York kuimaliza. Julai akaugua ghafla, na tarehe 30 akafariki hospitalini Harlem, akiwa na miaka 51. Mtoto wake wa mwisho, Orison, alikuwa ametimiza mwaka mmoja siku sita kabla. Habari ilipofika Achimota, Nkrumah alishindwa kula kwa siku tatu. Mjane akabaki na watoto Salisbury. Orison alikua, akasoma, akawa balozi wa Marekani nchini Senegal, Gambia, kisha Romania.

Hapa ndipo nilipokwama nilipokuwa nasoma habari zake. Mwenzangu wa shuleni angeniambia: unaona? Kafa njiani, cheti chenyewe hakukipata, kaacha watoto wadogo. Na ni kweli. Sitapamba jambo hilo. Mke wake alilipa gharama ya masomo yale pamoja naye, tangu likizo za kwanza za 1915, na hakuna nembo ya chuo iliyowekwa kwa ajili yake. Mwalimu anayetaka kusoma akiwa na nyumba ajue kwamba haendi peke yake. Anaichukua nyumba nzima. Kabla ya kuzungumza na chuo, zungumza na mkeo au mumeo.

Lakini nikiangalia nini kilibaki, sioni kwamba tasnifu ile ndiyo iliyokuwa kipimo. Masomo yalikuwa yameshafanya kazi yake miaka mingi kabla. Yalimtoa mwalimu wa Kilatini akawa mtu anayeweza kusimama mbele ya gavana na kumweleza mtoto wa Kiafrika anahitaji nini, kwa lugha ambayo gavana hawezi kuipuuza. Hilo halikungoja joho. Wapo kwetu waliolipata joho na hawakubadilika hata namna ya kumwita mtoto mbaoni. Wamepanda cheo, wameondoka darasani, basi. Na wapo walioanza tu, wakakwama kwa karo muhula wa pili, lakini ukiingia darasani mwao unaona kuna jambo walilojifunza.

Kwa hiyo swali la mwenzangu, kwamba yatanifaa nini, lilikuwa swali zuri. Mimi ndiye niliyekuwa nalijibu vibaya kimoyomoyo, nikihesabu daraja na nyongeza ya mshahara, na hesabu hiyo ikawa haitoki. Aggrey akikaribia miaka 40 hakwenda New York kwa sababu chuo chake kilimwahidi nyongeza. Alikwenda kwa sababu kulikuwa na wakulima mbele yake ambao hakujua awasaidie vipi.

Mimi pia ninao wangu. Darasa la sita wapo watoto wanane wanaosoma Qur'ani vizuri chuoni kwa maalimu wao, herufi zote wanazijua, lakini nikiwapa ukurasa wa Kiswahili waueleze, wananyamaza. Miaka 19 na bado sijui kwa nini. Wiki iliyopita, baada ya chakula cha usiku, nilimweleza mke wangu habari za watoto hao, na za Aggrey, na za Rose. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza karo ni kiasi gani na nitakuwa safarini miezi ipi. Nikaenda kuitoa fomu kwenye mtoto wa meza, tukaisoma pamoja.